Saa tisa alasiri: nilivyojifunza kuipitisha siku katika kazi inayonichosha roho

Kila niliyemweleza kwamba kazi imenichosha roho alinijibu kwa methali. Mchagua jembe si mkulima. Mvumilivu hula mbivu. Mtu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia nishukuru kila nikiamka, kwa sababu wapo wasio na kazi kabisa. Nilishukuru, na nashukuru hadi leo, lakini shukrani haikunyoosha shingo yangu, wala haikumnyamazisha mteja anayenifokea kwa kosa la idara nyingine. Wengine wakanishauri niache kazi mara moja. Hao hawalipi kodi ya nyumba yangu. Kati ya "vumilia" na "acha" hakutokea mtu wa kunieleza nifanye nini leo, kuanzia ninapokaa kwenye kiti hadi ninapoinuka. Nililitafuta mwenyewe jibu hilo, nikalipata, na ninajivunia.

Kazi yangu ni kupokea simu za malalamiko. Simu moja ikikatwa, nyingine inaingia. Msimamizi anaona kwenye skrini yake nani yuko hewani, nani amekaa kimya, na kila simu imekaa dakika ngapi. Siwezi kuchagua mteja, siwezi kuchagua maneno ya kufungulia mazungumzo, na hata sauti yangu inapimwa kama ina tabasamu. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, alilieleza jambo hili mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege: kuna kazi ambazo mwajiri hanunui mikono na muda wako tu, ananunua na hisia unazozionyesha, na kuzitengeneza hisia hizo kutwa nzima ni kazi kamili. Niliposoma hilo nilipumua. Nilikuwa nimeambiwa mno kwamba mtu anayekaa kwenye kiti hana sababu ya kuchoka.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine, ni huu: kabla ya kujitafutia kiburudisho chochote, jua siku yako inauma saa ngapi. Watu husema "siku ilikuwa mbaya" kana kwamba saa zote zilikuwa sawa. Nilichukua karatasi, nikaikunja hadi ikawa ndogo kama kadi, nikaiweka chini ya kibodi. Kila saa niliandika namba, moja ikiwa nafuu na tano ikiwa sitaki hata kusikia mlio wa simu. Nilifanya hivyo kwa majuma kadhaa, kimyakimya. Nilipozipanga zile karatasi pamoja, jambo lilijitokeza lenyewe: asubuhi, ambayo kila mtu ofisini huilaani, ilikuwa na namba ndogo. Mrundikano wa nne na tano ulikuwa kati ya saa nane na nusu na saa kumi alasiri, siku baada ya siku, hata siku ambazo wateja walikuwa wapole.

Baadaye nikajua sababu. Mwili una saa yake ya ndani, na katika saa hiyo kuna bonde la usingizi mchana, lipo hata kwa mtu ambaye hakula chakula cha mchana. Chakula kizito hulizidisha tu. Maana yake ni kwamba nusu ya ile chuki niliyokuwa naielekeza kwa kazi saa tisa ilikuwa usingizi. Hili lilinipa nguvu kuliko methali zote, kwa sababu usingizi una dawa.

Dawa ya haraka ambayo wenzangu wote huikimbilia ni kahawa ya saa tisa. Mimi niliikataa. Kafeini inakaa mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima wa kawaida huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu. Ukinywa saa tisa alasiri, nusu yake ingali nawe saa mbili usiku, na robo bado ipo saa saba usiku, wakati ulipaswa kuwa umezama usingizini. Kesho yake unaingia kazini umekosa usingizi, na lile bonde la mchana linakuwa refu zaidi. Kwa hiyo chai yangu ya rangi nainywa asubuhi, naifurahia, na naishia hapo. Alasiri ni maji ya moto na kipande cha limau kutoka kwenye themosi ninayokuja nayo. Themosi iligharimu pesa kiasi, si nyingi, na imekwisha kurudisha fedha yake kwa sababu sinunui tena kwenye mashine ya ofisini. Joto la kikombe mikononi ndilo ninalolitaka saa ile, na nalipata bila kupanga foleni.

Sasa nije kwenye kitu ninachokiona ndiyo werevu wangu mkubwa, nacho ni mapumziko ya pili. Tuna mapumziko mafupi mawili mbali na chakula cha mchana, na yangu ya pili ilikuwa imepangwa baada ya saa kumi, yaani baada ya maumivu kwisha. Kuomba kubadilishiwa ratiba kwa sababu "nachoka" kusingefika popote. Nilikaa nikiangalia ubao wa zamu hadi nikamwona mwenzangu mmoja ambaye mapumziko yake yalikuwa saa tisa kasoro robo, na kila siku niliona jinsi anavyoyatumia: anakaa na simu mkononi akisubiri mtoto wake atoke shule ili aongee naye, na mtoto anafika nyumbani mapumziko yakiwa yameisha. Nilimfuata. "Dada, ukipewa mapumziko yangu utampata mwanao hewani?" Alinitazama kama nimempa zawadi. Tulikwenda kwa msimamizi pamoja, tukiwa tumeshaandika majina yetu na saa zetu kwenye karatasi, na idadi ya watu hewani kila robo saa ikiwa haijabadilika hata mmoja. Msimamizi aliangalia karatasi, akauliza swali moja tu, kama tumekubaliana wenyewe, akatia sahihi. Haikuwa na gharama, haikuwa na malumbano, na watu wawili walipata saa zao. Ukitaka kitu kwa bosi anayehesabu dakika, mpelekee hesabu iliyokwisha kufungwa.

Nilipopata saa yangu sikuitumia kukaa. Natoka nje. Mwanga wa ofisi ya kawaida ni karibu laksi 500 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), lakini nje, hata siku ya mawingu, mwanga hufika maelfu ya laksi, na juani unaweza kukaribia laksi 100,000. Jicho linaizoea tofauti hiyo kiasi kwamba hatuioni, ila ubongo unaihesabu: mwanga mkali huuambia kwamba bado ni mchana. Nasimama nikitazama kitu cha mbali, paa la jengo au mti, kwa sababu msuli unaokaza lenzi ya jicho kwa ajili ya skrini hulegea tunapotazama mbali. Simu yangu naiacha kwenye droo. Hili nalisisitiza, kwani wengi hutoka nje wakatembea na skrini nyingine usoni, kisha wakasema kutembea hakusaidii.

Wapo wasio na mahali pa kutoka. Kwao dirisha ni mali. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Ambao dirisha lao lilitazama miti walikaa hospitalini muda mfupi kidogo na kuomba dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Kama kutazama mti kunamfaa aliyetoka kupasuliwa, hakiwezi kuwa kitu kidogo kwa mtu aliyetoka kutukanwa.

Nikirudi kutoka nje, navua soksi.

Najua wapo watakaodhani ni jambo la kitoto, ila ndilo jambo ninaloliulizwa zaidi ofisini sasa. Kwenye mkoba wangu kuna jozi ya soksi safi, za pamba nene, nilizozichagua kwa ulaini na si kwa rangi. Saa tisa nazibadilisha. Kutwa nzima mguu umekaa ndani ya kiatu, umetoa jasho, umevimba kidogo kwa sababu ya kukaa bila kusogea, na mtu amesahau kwamba ana miguu. Unapoupangusa kwa kitambaa, ukausugua chini ya unyayo kwa kidole gumba, ukaufungulia kamba kidogo za kiatu, kisha ukauvisha kitu kikavu, ni kana kwamba mwili umeambiwa siku imeanza upya. Nilijaribu kunawa uso, nilijaribu manukato, nilijaribu kubadilisha shati. Hakuna kilichofikia soksi. Shati wanaliona watu na unarudi kulivaa kwa ajili yao. Soksi ni zako peke yako, hakuna anayezipima wala kuziwekea kiwango, na katika kazi ambayo hata tabasamu lina alama kwenye fomu, kuwa na kitu kimoja kisichojulikana na mtu ni raha kubwa. Zinunue mbili au tatu za aina moja ili kila wakati kuwe na iliyokauka.

Kati ya simu na simu kuna sekunde chache za kuandika kumbukumbu. Hapo napumua, na siri iko kwenye kutoa pumzi. Watu husema "vuta pumzi ndefu", nami nasema itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Tunapovuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, tunapoitoa hupungua, kazi ambayo sehemu kubwa hufanywa na neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda moyoni. Mara tatu za kutoa polepole zinatosha kuushusha moyo kabla ya mtu anayefuata. Zinatosha pia kukuondolea ile hasira ya mteja wa kwanza usiimwage kwa wa pili, ambaye hana hatia.

Na kuna daftari. Mteja akisema neno jema, naandika neno lenyewe tu, bila jina, bila namba, bila tatizo lake. "Mwanangu, umenisikiliza." "Leo nitalala." Bibi mmoja nilimhangaikia tangu simu inaingia hadi kipimo cha dakika kikawa chekundu, na mwishoni hakusema asante, alisema, "Sikujua kama huko ndani kuna watu." Nililiandika lile kwa herufi kubwa. Matusi hukaa kichwani yenyewe, hayahitaji daftari. Wema hupotea usipoandikwa, na siku ya tano mfululizo naufungua ukurasa wowote na kusoma mistari miwili, basi.

Jioni ndiyo iliyonichukua muda kuipatia dawa, kwa sababu nilikuwa nafika nyumbani na malalamiko ya watu yakiendelea kunizungumza kichwani. Sasa, kabla ya kuzima kompyuta, naandika kila lililobaki na hatua yake ya kwanza: kesho saa mbili na robo, piga simu idara ya malipo, uliza kuhusu marejesho. Nisiandike "shughulikia marejesho", kwa sababu hilo halina mlango wa kuingilia. Mwaka 2011 watafiti E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba lengo ambalo halijakamilika huacha kumsumbua mtu akilini anapolitungia mpango mahususi, hata kabla hajalitekeleza. Mimi nililiona kwa usingizi wangu. Karatasi inabaki mezani, juu ya kibodi. Hairuhusiwi kupanda gari pamoja nami.

Niseme pia kile ambacho vitu hivi haviwezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa kazi uliokithiri kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo, wenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi yenyewe, na kuona huna tena ufanisi. Maelezo yale yanautaja msongo wa kazini. Hayakutaja ukosefu wa shukrani. Ukiona mapumziko ya mwisho wa juma hayakurudishii chochote, ukiona hata watu unaowapenda wamekuwa simu nyingine ya kupokea, nenda kwa daktari, na soksi zisubiri. Mimi sikufika huko, na naamini nilizuiwa na haya madogo. Ndiyo maana naudhika yanapoitwa anasa.

Kazi nyingine naitafuta pia. Kila Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, natuma ombi moja, barua iliyoandikwa vizuri kwa mahali nilipopasoma kwanza. Nilichagua Jumanne kwa sababu karatasi zangu zilionyesha ndiyo siku yenye namba ndogo kuliko zote, na barua iliyoandikwa na mtu mwenye nguvu inasomeka tofauti.

Mwezi uliopita kijana wa stoo alinifuata. "Dada, hayo yako ni ya wanaokaa. Sisi tunaosimama je?" Nikampa karatasi ya namba kwanza, akairudisha imejaa. Bonde lake halikuwa saa tisa, lilikuwa saa sita kasoro, kabla ya chakula, akiwa amebeba maboksi tangu asubuhi. Tulimtafutia sehemu nyuma ya rafu, alale chali dakika tano na miguu ameiegemeza ukutani, damu iliyoshuka ipande. Msimamizi wake aliambiwa na akaridhia. Na soksi, kwa yeye, ni za kubadilisha mara mbili.