Mimi ni wa viatu

"Mimi ni wa viatu, dada."

Maneno hayo ya Nassoro, mdogo wangu anayefanya kazi kwenye meli ya abiria kule Karibi, yamenikaa tangu Jumanne na hayataki kutoka. Napanga hati za makontena ofisini, yapo. Nimebanwa kwenye feri ya Likoni kati ya mikokoteni na pikipiki, yapo. Jana imamu katoa salamu na mimi sikumbuki rakaa ya tatu ilipita vipi.

Ilikuwa saa moja asubuhi kwetu, kwake usiku wa manane, saa anayopenda kupiga kwa sababu zamu yake imekwisha. Mama alikuwa jikoni anageuza mahamri, simu nimeishika mimi. Safari hii hakupiga akiwa kitandani kwake kule chini ya meli. Alikuwa amesimama mahali peupe, taa nusu zimezimwa, na pumzi yake inaonekana. Nikajua ni pale kwenye uwanja wa barafu anapofanyia kazi.

"Ndiyo barafu yenyewe hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Yote hiyo!"

"Hii ndogo, dada. Mita 18 kwa 12 hivi. Uwanja wa Olimpiki ni 60 kwa 30."

"Na wewe huteleza?"

Akatazama pembeni. Alikuwa akinitazama mimi, kisha hakunitazama tena. "Mimi ni wa viatu, dada." Mtandao ukakatika hapo hapo, na hakupiga tena siku hiyo.

Nimeisikiliza sauti yake kichwani kila namna. Kuna wakati naisikia ikicheka. Kuna wakati naisikia kama sauti ya mtu aliyesimama mlangoni mwa karamu akiwapokea wageni viatu na kuambiwa asipite. Mnajua kazi yake. Abiria wanapanga foleni, anawauliza nambari ya mguu, anawapa viatu vya kutelezea na kofia ngumu, anahakikisha wamevaa soksi na suruali ndefu, anapiga magoti kuwakaza kamba wasioweza kuinama. Halafu wao wanaingia barafuni, na yeye anabaki huku na rafu za viatu vyao vya kawaida. Na mimi niliyeuliza ni dadake, aliyemfunga kamba za viatu vya shule mpaka darasa la tatu kwa sababu vidole vyake vilikuwa vizito.

Huyu ndiye Nassoro aliyenunua viatu vya magurudumu vya mtumba Kongowea, cha kushoto kimepungua gurudumu moja, akawa anakwenda navyo Makadara kila jioni kuteleza kwenye saruji. Hakuna mtoto wa mtaa wetu aliyemfikia. Alikuwa anajua kwenda kinyumenyume mikono ameikunja kifuani. Siku alipovunjika mkono, mama alivitia vile viatu kwenye gunia na hatukuviona tena. Alimwapisha, mkono ukiwa bado umefungwa plasta, kwamba hatapanda tena kitu chenye kuteleza. Mama hasahau kiapo. Basi mtoto huyo ukimweka kando ya uwanja wa barafu, miezi yote hii, umwambie kazi yako ni kufunga kamba! Jumanne usiku nililia, nayaandika hayo kama yalivyo.

Wiki yenyewe ilikuwa nzito: Mwanaidi wa ami kaolewa Alhamisi na mkate wa sinia ukabaki wa kugawa mtaa mzima, bosi kapewa uhamisho kwenda Naivasha, na mvua ya Ijumaa imeingia mpaka kwenye ngazi za kwetu. Yote yalipita na mimi nipo katika maneno yale.

Tangu apande meli amekuwa akinitumia ujumbe wa sauti kuhusu barafu, na sijaufuta hata mmoja. Amenieleza kwamba meli ya kwanza kubwa ya abiria kupewa uwanja wa namna hiyo ilikuwa Voyager of the Seas, iliyojengwa Turku, Ufini, na kuanza safari mwaka 1999, na kwamba zilizofuata za ukoo huo zikaiga hivyo hivyo. Uwanja haukai juu na mabwawa ya kuogelea. Unawekwa chini, katikati ya meli, mahali ambapo mawimbi yanayumbisha kidogo zaidi. Chini ya barafu kuna mabomba, na ndani ya mabomba inapita dawa ya maji isiyoganda, yenye ubaridi wa chini ya sifuri. Maji humwagwa juu yake kidogo kidogo, tabaka likishika ndipo linawekwa jingine, mpaka unene wa sentimita chache tu. Nje ya kuta hizo ni Karibi, jua la kuchoma, watu wamejipaka mafuta. Usiku barafu inaweza kufunikwa sakafu, ukumbi ukawa wa muziki au mchezo wa maswali, na asubuhi sakafu inaondolewa.

Baba angekaa kuzisikiliza sauti hizo kutwa nzima. Mnaokumbuka Mzee Barafu wa Mji wa Kale hamhitaji kuelezwa. Alikuwa akichukua mapande kiwandani alfajiri, anayafunika vumbi la mbao na magunia, anasukuma mkokoteni mpaka kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki. Nassoro ndiye aliyebeba msumeno. Baba aliigusa barafu kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, akasema, "Hii itafika alasiri," au, "Hii haifiki adhuhuri," na wavuvi walipanga safari zao kwa neno lake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi katika mji ambao watu wote wanalalamika joto. Alipofariki, wachuuzi walikuja mazishini na harufu zao za samaki, na mama aliwakalisha mbele.

Kwa hiyo Jumatano usiku nikaanza kutafuta. Nilitaka kuona watu wa rangi yetu wakiwa juu ya barafu, wala si kando yake. Nikampata Debi Thomas, Mmarekani mweusi, aliyechukua shaba Calgary mwaka 1988, mtu mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Nikampata Surya Bonaly wa Ufaransa, mara tatu mfululizo wa pili duniani, mwaka 1993, 1994 na 1995. Huyu nimemtazama mpaka betri ikaisha. Katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, alijua hapati medali, basi akajirusha kinyumenyume hewani, miguu juu, kichwa chini, akatua kwa mguu mmoja. Sheria ilikataza. Waamuzi wakamkata alama na watu wakasimama kumpigia makofi. Na Olimpiki hiyo hiyo ndiyo aliyokwenda Philip Boit wetu na skii zake, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10 za theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja pale mwisho amkumbatie. Boit akaja akampa mwanawe jina la Dæhlie. Nilikuwa nimelijua hilo la Boit tangu utotoni, lakini sikuwahi kujua kwamba yeye na Surya walikuwa Olimpiki moja.

Kisha nikakumbuka Nairobi. Tangu mwaka 2005 pana uwanja wa barafu pale hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, barabara yenye jina la mji wetu. Ndipo walipojifunza wale wa Kenya Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa uanachama katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Nikamtumia Nassoro picha yao. Nikaandika: "Na hawa pia ni wa viatu?" Alama za samawati zikatokea. Hakujibu.

Ikaniuma zaidi.

Jumamosi, mama amekwenda kwa akina Mwanaidi kuosha masufuria ya kukodi kabla hayajarudishwa, simu ikalia.

"Mama yuko wapi?" Hilo ndilo lililokuwa la kwanza, kabla ya salamu.

"Hayuko. Kwani kuna nini?"

"Hayuko kabisa? Hata uani?"

"Nassoro, sema."

"Dada, Jumanne ulikuwa umeweka sauti juu. Mimi nasikia mafuta yanalia jikoni, nasikia na mama akitia bismillahi. Ungetaka niseme nini?"

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Halafu yakamwagika. Kuna usiku wanaopewa wafanyakazi, saa moja hivi baada ya abiria kumaliza, bahari ikiwa imetulia. Yeye hakosi. Wiki ya kwanza alianguka mpaka nyonga ikabadilika rangi, kwa sababu mwili wake ulikuwa unatafuta magurudumu. Ya magurudumu unasimama juu ya kitu kipana, lakini chuma cha barafu kina unene wa milimita chache tu, na chini yake kimechimbwa mfereji mwembamba unaoacha kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kila hatua uko kwenye ukingo mmoja. Dada mmoja wa wale wanaocheza maonyesho, Mrusi, alimwona akijaribu kwenda kinyumenyume akamwuliza amejifunzia wapi. "Nikamwambia Makadara. Akadhani ni jina la uwanja wa barafu."

Huyo ndiye anayemfundisha kusimama. Kusimama ndiko kugumu, anasema, na meli inazidisha, kwa sababu barafu yenyewe inainama kidogo chini yako, na aliyeruka hewani anaweza kutua asiikute pale alipoiacha. Bahari ikichafuka, wachezaji wanapunguza miruko, na ikizidi onyesho linavunjwa. Wao wanaisikia bahari kwa magoti kabla ya nahodha kutangaza.

"Mbona basi picha niliyokutumia hukuijibu?"

Akanyamaza kidogo. "Kwa sababu ulivyoandika ni kama kuwa wa viatu ni aibu."

Sikusema kitu. Akaendelea mwenyewe, taratibu, kama baba alivyokuwa akiongea na mteja mgeni. Kwamba kiatu kilichofungwa vibaya ndicho kinachovunja watu, si barafu. Kwamba vidoleni kamba ilegee kidogo, kwenye kifundo ikaze, juu ilegee tena ili goti likunjike, na kwamba wengi hujifunga kinyume chake na kulaumu ubaridi. Kwamba kuna bibi mmoja abiria, mtu wa zaidi ya miaka sabini, aliyejifunza kuteleza kwenye ziwa la kijijini kwao akiwa msichana, na kila siku meli ikiwa baharini anakuja wa kwanza na hataki mwingine amfunge. Alimwambia, "Ukinifunga wewe nasahau kama nimevaa kitu." Kwamba fundi wa barafu, mzee wa Kifilipino, sasa anamwita wanapoandaa uwanja alfajiri, kwa sababu amegundua kijana huyu anajua kitu.

"Anajua kitu gani?"

"Najua ikiwa imechoka. Ikizidi ubaridi inakatika vipande na chuma kinapiga kelele kali. Ikipata joto inashika mistari na chuma kinanyamaza. Yeye anatazama kipimo. Mimi naigusa hivi."

Akageuza simu. Aliigusa kwa mgongo wa mkono.

Nikamwita jina lake, basi, sikuweza kuongeza neno. Kisha akaniweka simu juu ya ukuta wa pembeni, akaingia. Alikwenda mbele polepole, akageuka, akarudi kinyumenyume mikono ameikunja kifuani, na viatu vyote viwili vina vyuma vyake kamili. Uwanja ni mdogo kweli, alikuwa akifika ukutani mara moja. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani wa chini akauliza nani kajifungua. Nikamwambia ndugu yangu anateleza kwenye barafu, akasema mashallah, akarudi ndani kwake.

Anataka, mkataba ukiisha, apite Nairobi siku moja kabla ya kushuka nyumbani, akawaone wale wa magongo. Nimemwambia nitapanda treni nimfuate. Nataka nikae kwenye kiti cha mbele, nimtazame mtu wetu akiingia, na nataka anifunge viatu yeye mwenyewe. Nyinyi mnaomjua mama, hili mlifiche. Tutamwambia pamoja, uso kwa uso, akiwa amemshika mwanawe mikono yote miwili na kuona mizima.

Ningependa wiki iishie hapo. Lakini maji ya kisima chetu yamebadilika. Tangu jirani mwenye ghorofa mpya achimbe kisima chake kirefu na kufunga pampu inayonguruma mchana na usiku, ya kwetu yana chumvi ambayo haikuwapo. Mama anasema ni mvua, itapita. Jana chai ilikatika maziwa ikiwa bado jikoni, na mama ana presha, daktari alishamkanya chumvi, na hayo ndiyo maji anayopikia. Ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, na ya mkokoteni dumu limepanda bei. Nimejaza chupa moja nikampelekee mtu anayepima, niliyeambiwa yuko Tudor. Mwenye kumjua aliye karibu zaidi, au aliyewahi kuzungumza na jirani wa namna hii bila kufika kwa chifu, aniandikie.