Dani na fundi wa baiskeli

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la saba, tukikaa Nyalenda, Kisumu. Jioni moja jumuiya yetu ndogo ndogo ilikwenda kumwona jirani aliyekuwa fundi wa baiskeli. Enzi hizo boda boda zilikuwa za kukanyaga, na nyingi za mtaani kwetu zilipitia mikononi mwake. Sasa alikuwa hajiwezi. Kila mtu alijua anaugua nini na hakuna aliyetamka. Wengine walisema ni chira, ugonjwa ambao Wajaluo husema humpata aliyevunja mwiko. Rais Moi alikuwa ameutangaza ukimwi kuwa janga la taifa tangu 1999, lakini dawa za kupunguza makali zilikuwa za wenye pesa. Hospitali za serikali zilikuja kuzitoa bure mwaka 2006.

Katekista alitusomea Mathayo 25, pale Yesu anapowasifu waliokwenda kumtazama mgonjwa. Alisoma akiwa amesimama kizingitini, nasi tumejibanza nyuma yake. Harufu ilikuwa kali, sikatai.

Nyanya mmoja mjane, tuliyemwita Dani, alitupenya akaingia ndani. "Mjukuu wangu, washa jiko uchemshe maji, utie chumvi." Glavu hazikuwapo. Akavaa juala, mifuko ya plastiki, mikononi, akazikaza kwa vipande vya tyubu alivyookota palepale sakafuni. Maji yalipopoa kidogo, akamgeuza fundi kwa ubavu, akamwosha kidonda cha kulalia kilichokuwa kimechimba karibu na nyonga. Kisha akazungusha kitambaa safi kidoleni, akampangusa ulimi na ufizi. Kinywa kizima kilikuwa na utando mweupe. Kumbe ndiyo maana uji ulikuwa ukimshinda, na sisi tulikuwa tumeshaamua kwamba amekata tamaa ya kuishi.

Hakumwuliza ugonjwa aliupata wapi. Alimwuliza kama anapata choo.

"Maji yanachoma, Dani," fundi akalalamika.

"Nyamaza. Mbona wewe ulinichoma shilingi ishirini kwa pancha moja?"

Fundi akacheka mpaka akapaliwa.

Nimesikia mahubiri mengi ya huruma tangu wakati huo, mengine ya kuliza kanisa zima. Dani hakudondosha chozi. Alikuwa na kazi.

Jumapili iliyofuata akapanga zamu, katekista akiwa wa kwanza; mimi nikapewa kuchota maji kabla ya shule. Fundi aliishi hadi Desemba, na karibu siku zote hizo aligombana na Dani juu ya sukari ya uji.