Siku moja kazini: kutafuta hadithi ya filamu na kununua haki zake

Saa 1 asubuhi. Kusoma kwanza, simu baadaye. Barua pepe zikishaanza kumiminika hutasoma tena kurasa 60 kwa utulivu. Mezani kuna miswada iliyotumwa na mawakala wa waandishi, riwaya za zamani, makala ndefu za magazeti, katuni za mtandaoni na podikasti. Muswada ambao haujachapishwa una faida ya bei, maana sifa zake hazijavuma. Lakini wakala anayejua kazi yake huutuma kwa wazalishaji wengi kwa pamoja, kwa hiyo ukiuweka kando wiki mbili huenda ukaukuta umeshachukuliwa.

Wakati wa kusoma, uzuri wa lugha nauweka pembeni. Namtafuta mtu anayetaka kitu kwa nguvu, kinachomzuia, na matendo ambayo kamera inaweza kuyaona. Riwaya ambayo nusu yake ni mawazo ya msimulizi inaweza kuwa kitabu bora kabisa na bado ikamshinda mwandishi wa skripti. Kwa tamthilia ya misimu kadhaa naangalia pia kama wahusika wa pembeni wana mambo yao wenyewe, kwa sababu mhusika mkuu peke yake hawezi kubeba vipindi 30.

Saa 3. Ripoti za wasomaji, yaani watu tunaowalipa wasome hadithi na kutupa maoni. Ripoti nzuri ina kurasa 2 hadi 4: hadithi kwa sentensi moja, muhtasari, maoni, kisha uamuzi wa kuacha, kufikiria au kuchukua. Namtaka msomaji ataje pia mambo ya gharama, kama vile mavazi ya kale, umati wa watu, bahari au watoto wengi.

Saa 4 na nusu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo: hadithi hii ni ya nani? Naanza na ukurasa wa hakimiliki, nanakili jina, mwaka, mchapishaji na toleo. Jina hilo halitoshi. Mwandishi anaweza kubaki na hakimiliki ya kitabu huku haki za filamu akiwa ameshamkabidhi mchapishaji katika mkataba wao. Kwa hiyo naiandikia idara ya haki ya mchapishaji: nani anashika haki za filamu na televisheni, ziko huru au zimeshikwa, na ziliwahi kuuzwa? Swali la mwisho husahaulika sana. Mzalishaji wa zamani anaweza kuwa alinunua haki moja kwa moja, asitengeneze chochote, na haki zikabaki kwake.

Mwandishi akiwa amefariki, tunashughulika na warithi, na saini moja ikikosekana mlolongo wa umiliki umekatika. Katuni huwa na mwandishi na mchoraji. Makala ya gazeti huenda ni mali ya gazeti ikiwa aliyeiandika alikuwa mwajiriwa. Matukio ya kweli hayana mwenyewe, ila namna yalivyosimuliwa inaye, na watu walio hai tunawaomba idhini ya maandishi ili watupe kumbukumbu zao na wasije kutushtaki.

Vitabu vya zamani vina mtego wake. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza hutumia 70, na Marekani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa kwa kazi nyingi za zamani. Kitabu kilicho huru nchi moja kinaweza kuwa kimefungwa nchi nyingine, ilhali filamu inauzwa kote. Tafsiri nayo ina hakimiliki yake, hivyo fanya kazi kutoka matini asilia.

Anayeona haya ni urasimu aisome kesi ya Stewart na Abend. Filamu ya Rear Window ilitoka mwaka 1954 kutokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich, aliyefariki 1968 kabla ya muda wa kuhuisha hakimiliki, yaani kuiongezea kipindi cha pili, kufika. Haki zilizohuishwa zilinunuliwa na mtu mwingine, Abend, na mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi dhidi ya wamiliki wa filamu.

Saa 7. Simu fupi na maskauti wa vitabu, watu wanaotutafutia hadithi mpya mapema, kuhusu miswada inayozungumzwa kabla ya maonyesho ya vitabu ya Frankfurt.

Saa 8. Mazungumzo na wakala. Mara nyingi hatununui hadithi papo hapo. Tunachukua opsheni: tunalipa kiasi kidogo, na mwenye haki anatuzuilia hadithi kwa miezi 12 au 18 huku tukiandika skripti na kutafuta fedha. Bei kamili mara nyingi ni asilimia 2 hadi 3 ya bajeti, ikiwa na kiwango cha chini na cha juu, na opsheni huwa kama asilimia 10 ya bei hiyo. Kwa bajeti ya milioni 2, asilimia 2.5 ni 50,000, na opsheni 5,000. Malipo ya kwanza kwa kawaida hukatwa kwenye bei, ya kuongeza muda aghalabu hayakatwi. Bei ya kununua iandikwe leo. Opsheni inayosema bei itajadiliwa baadaye haikupi chochote cha kushika.

Mwandishi hubaki na kitabu chake, na mara nyingi haki za jukwaa na redio pia. Kinachobishaniwa zaidi ni mwendelezo: akiandika kitabu cha pili chenye wahusika walewale, nani ana haki ya kukitengenezea filamu?

Saa 11 jioni. Kalenda ya opsheni. Kila mkataba una tarehe ya mwisho, na kuongeza muda kunahitaji taarifa ya maandishi pamoja na malipo kabla ya siku hiyo. Naweka vikumbusho viwili, siku 60 na siku 14 kabla. Opsheni ikifa, mzalishaji anabaki na skripti asiyoweza kuitumia, na mwandishi anabaki na hadithi lakini haruhusiwi kuigusa skripti ile. Leo mbili zinakaribia, na mwanasheria ameshapelekewa taarifa zote mbili azikague kabla hazijatumwa.