Nilivyofundisha utendi wa Fumo Liyongo mkoani Iringa

Nilipokabidhiwa ushairi wa kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), katika shule moja mkoani Iringa, nilianza kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe. Niliandika ubaoni kwamba ubeti wa utenzi, au utendi, una vipande vinne vyenye mizani (yaani silabi) nane kila kimoja, kwamba vitatu vya mwanzo vinafanana vina, na kwamba kipande cha nne hubeba kina cha bahari ambacho hurudi katika kila ubeti hadi mwisho. Wanafunzi walinakili kwa hati nzuri, lakini siku ya jaribio wengi walishindwa kuhesabu mizani ya kipande kimoja.

Ugumu mwingine ulikuwa lugha. Utendi wa Fumo Liyongo, unaosimulia kisa cha shujaa huyo wa pwani, uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na vijana wanaozungumza Kihehe, Kibena au Kikinga nyumbani walikwama kwenye ndia, mato na ndaa (njia, macho na njaa) kabla hata ya kumfikia shujaa. Niliamua kuwasimulia kisa chote kwanza, bila daftari. Nilipofika gerezani, pale Liyongo anapomwagiza mama yake afiche tupa ya kukatia pingu ndani ya mkate wa wishwa, niliwauliza kwa nini iwe wishwa, yaani pumba. Binti mmoja wa nyuma alijibu papo hapo kwamba walinzi wangejichukulia mkate mzuri na kumwachia mfungwa ule wa pumba, kwani hata kwao pumba ni chakula cha nguruwe. Tangu siku hiyo walitaka kusikia beti zenyewe, na Kiamu hakikuwatisha tena.

Kwa mizani nilileta maharage, ambayo huku hayakosekani. Kila mmoja aliweka punje moja kwa kila silabi huku tukighani pamoja, kisha nikawataka watunge ubeti wao kuhusu vita vya Lugalo vya mwaka 1891, ambapo Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani, na ambavyo wengi walikwisha kuvisikia kwa babu zao. Kundi moja lilileta huu:

Mkwawa akatulia,
porini kajifichia,
wageni wakaingia,
Lugalo, palipo miti.

Ukazuka ubishi, kwa sababu mmoja wao alikuwa na punje saba katika kipande cha kwanza, akishikilia kwamba “Mkwa” ni silabi moja. Sikumjibu. Nilimwomba alitamke jina polepole, naye alipoisikia ile “m” ikisimama peke yake aliongeza punje ya nane bila kusema neno. (Maelezo yangu ya ubaoni kuhusu jambo hilo yalikuwa yamechukua robo saa.)

Mjadala uliochukua muda mrefu ulihusu vifo: Liyongo alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, ilhali Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Wengi walimwona Mkwawa kuwa shujaa zaidi. Sikukubaliana nao, ila niliwapa alama kwa hoja.

Kundi lile lilipofika ubeti wa kumi na moja, kiongozi wao alinifuata ofisini akilalamika kwamba maneno yanayoishia na “ti” yamewaishia, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini washairi wa zamani walipenda bahari nyepesi kama “ya”. Alikuwa amebaki na “mauti” tu. Nilimshauri aliweke akiba hadi afike mwaka 1898.