Picha Mbili kwa Kila Mtu: Kumbukumbu ya Mradi Wangu, Kigoma

Mradi wenyewe ni huu. Nawapiga picha watu wangu wa hapa Kigoma, ndugu na marafiki, kila mmoja picha mbili. Ya kwanza anaitaka yeye: anavaa apendavyo, anasimama apendapo. Ya pili naitaka mimi: namkuta katikati ya shughuli zake. Zote nazisafisha kwenye karatasi na kumpelekea mkononi. Asiyeiridhia ile ya pili anasema tu, na naifuta mbele yake. Wapo walioniuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati kila mtu ana simu, na wapo waliotaka kujua nafanyaje hasa. Haya ni ya mwaka 2024, tangu nilipoanza.

Machi

Nilianzia nyumbani, mtaa wa Mwanga, kwenye albamu ya mama. Ni zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi na nailoni juu yake. Gundi hiyo inageuka njano, inapenya kwenye karatasi ya picha, na ukivuta kwa pupa sura ya mtu inabaki ukurasani. Nilipitisha uzi mwembamba wa kushonea chini ya kila picha, pole pole, kutoka pembe moja hadi nyingine. Zilizokataa kubanduka niliziacha zilipo nikazinakili hivyo hivyo.

Kunakili natumia kamera. Picha inalala mezani karibu na dirisha, kamera inatazama chini wima, mwanga unaingia kutoka ubavuni ili mng'ao usirudi kwenye lenzi, na upande wa pili naegesha karatasi nyeupe irudishe mwanga kidogo. Za rangi nyingi zimepauka na kugeuka nyekundunyekundu. Za nyeusi na nyeupe, ambazo ndizo kongwe zaidi, ziko imara, kwa sababu weusi wake ni chembe za fedha na fedha haichuji upesi kama rangi.

Nikiwa nazipanga nikaona albamu nzima ni harusi, Idi, na watoto waliovishwa nguo mpya. Mama hayumo hata mara moja akisonga ugali au akianua dagaa. Na baba, aliyebeba mizigo bandarini karibu maisha yake yote ya kazi, ana picha moja tu ya peke yake: yuko studio, kavaa suti, mkono juu ya stuli yenye maua ya plastiki, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na bustani. Baba alipakia na kupakua MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa hapa Ziwa Tanganyika kwa vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikainuliwa na kuanza tena safari mwaka 1927. Wageni wanaipiga picha meli hiyo kila pembe. Mimi ningetoa chochote nipate picha ya baba akiwa gatini na gunia mgongoni.

Nilimwambia mama hivyo. Hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua.

"Mwanangu, baba yako watu wote wa bandarini walimwona na gunia. Ile hela ya studio aliitoa ili sisi tumwone vile."

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimepanga kupiga picha za maisha ya kila siku peke yake, bila pozi. Maneno ya mama ndiyo yaliyozaa picha mbili. Suti ile baba aliichagua. Ni kauli yake kuhusu nafsi yake, na mimi mwenye kamera sina haki ya kuifanya kauli yangu iwe ya kweli kuliko yake. Lakini gunia nalo lilitulisha, na sitaki kizazi kinachokuja kisilione.

Mei na Juni

Rafiki yangu tangu shule ya msingi ni mvuvi wa dagaa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma. Kwa asiyejua kazi hiyo: inafanyika usiku wa giza. Mitumbwi miwili inafungwa pamoja kwa miti, wavu unashushwa chini yake, taa zinawashwa na dagaa wanaufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikitawala, mwanga wa taa unakosa nguvu na watu wanapumzika. Kwa hiyo urafiki wetu tangu ukubwani umefuata mwezi. Ukijaa, tunaonana. Ukiisha, yeye analala mchana na mimi simpigii simu.

Mwaka huu ulikuwa tofauti. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana, ufukwe wa Kibirizi ukawa umemezwa sehemu kubwa. Halafu tarehe 15 Mei uvuvi ukasimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mitumbwi ikakaa nchi kavu. Nilijua hali itakuwa ngumu kwao, na ilikuwa ngumu. Sitaki kuipamba. Mke wake ndiye aliyebeba nyumba kwa kuuza mawese, yeye akawa anashika vibarua vya ujenzi.

Picha yake ya kwanza nilidhani ataitaka na mtumbwi. Aliitaka na binti yake, mtoto akiwa na sare za shule, yeye akiwa ameshika begi lake. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwamba binti yuko darasa la pili na yeye hajawahi kumsindikiza asubuhi, kwa kuwa saa ya watoto kwenda shule ndiyo saa yake ya kurudi pwani na kushusha mzigo.

Ya pili niliipata nyumbani kwake usiku. Taa ile ile ya kuvulia dagaa ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari ukutani, na chini yake alikuwa anapiga pasi ya mkaa sketi ya mtoto, amekunja uso kama anasoma barua. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, spidi sekunde 1/60, lenzi ya milimita 50 ikiwa wazi kabisa, nikaegemea mlango nisitikisike. Taa ilikuwa moja na ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi. Upande mmoja wa uso wake umepotea gizani, mkono na pasi vimewaka. Naipenda kuliko picha yoyote niliyopiga mwaka huu.

Alipoiona alinyamaza muda mrefu. Alisema nimpe siku chache. Nilimpa, na sikumkumbusha. Akaja mwenyewe: "Iache. Ila wenzangu wataiona ziwa likifunguliwa, siyo sasa." Nilielewa. Mwanamume anayepiga pasi kwa sababu hana kazi ni jambo moja. Anayepiga pasi halafu usiku anaingia ziwani ni jingine. Nikaiweka.

Julai

Shangazi anakaa Ujiji, mwendo mfupi tu kutoka pale penye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha pale chini ya miembe na kuondoka. Mitaa inayopazunguka, na baraza zake na wazee wake, haimo kwenye picha hizo, na mimi naona hapo ndipo penye Ujiji.

Kwa wanaopiga picha: Kigoma na Dar saa zetu ni zile zile, lakini sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua letu linazama karibu dakika 40 baada ya la kwao. Mwezi wa saba bado kuna mwanga laini hadi karibu saa moja jioni, wakati watu wameshatoka kazini na wameshaoga. Kwa picha za watu ni neema. Kiangazi lakini kina moshi wa nyasi zinazochomwa, na milima ya Kongo ng'ambo inapotea kabisa. Anayetaka milima asubiri mvua.

Shangazi aliniambia nisiguse kamera kwanza. "Subiri nijitande." Akaingia ndani, akatoka na ushungi mweupe, hereni za dhahabu, na kanga mpya ya pili begani. Alikaa kwenye baraza, magoti pamoja, hakutabasamu. Hilo ndilo pozi la kizazi chake na lina heshima yake. Sikumwambia acheke, na nawaomba vijana wenye kamera waache kuwaambia wazee wacheke.

Ya kwangu ilikuwa akisuka ukili wa mkeka. Anaanza baada ya adhuhuri na vidole vinaenda vyenyewe huku anazungumza na kila apitaye. Niliipiga, nikampelekea. Akaishika kwa mbali, akaikataa.

"Mkeka haujaisha. Mkeka nusu haupigwi picha."

Nilifuta mbele yake, kwa mujibu wa makubaliano. Iliniuma, kwa sababu vidole vile viliingia vizuri sana. Ameahidi nitarudi akimaliza kuunga.

Agosti na Septemba

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti, lakini mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, na ukajaa tarehe 19. Wenye haraka waliingia usiku wa manane mwezi ulipotua. Rafiki yangu alisubiri giza. Mwanzoni mwa Septemba, mwezi ulipokwisha, taa zikatanda tena ziwani usiku, na asubuhi Kibirizi ikarudi kunuka dagaa. Mama mkubwa na wenzake wakarudi kuanika.

Picha za waanikaji zilinipa kazi. Kamera inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Ukiwa na dagaa wanaong'aa kila upande, mchanga mweupe na ziwa nyuma, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso za watu zinazama kwenye weusi usio na sura. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi, hatua moja au zaidi, na kukubali ziwa liungue kidogo. Uso wa mama mkubwa una thamani kuliko ziwa. Saa nne asubuhi niliwaomba wasichana wawili washike kanga nyeupe karibu naye irudishe mwanga chini ya macho. Ikafaa kuliko nilivyotarajia.

Kwa picha ya kuchagua, hawakutaka mmoja mmoja. Walitaka kundi zima, vitenge sare, wamesimama mbele ya chanja tupu zilizofagiliwa. Dagaa wasionekane kabisa. Nikawapanga, warefu nyuma, na mama mkubwa akanipanga upya kwa sababu nilimweka mdogo mbele ya mkubwa wake.

Jambo la jirani yetu

Hili nimelisitasitia. Jirani yetu mzee, fundi baiskeli, nilimpiga zote mbili mwezi wa sita. Ya kwanza na kanzu na kofia. Ya pili amechuchumaa, mikono ina grisi, gurudumu limeegemea goti. Aliziona, akasema zote ni zake. Mwezi wa tisa akafariki.

Familia ilikuja kuomba picha ya msiba, ikachukua ya kanzu. Hakuna aliyebisha. Baada ya arobaini kijana wake akaja kuomba ile ya grisi aikuze na kuiweka sebuleni. Mama yake akasikia, akakataa: mume wake hakuwa mtu wa kuonekana amechuchumaa. Wakaja wote wawili kwangu kama vile mimi ni hakimu.

Nililala nalo. Ridhaa ya mzee niliisikia kwa masikio yangu, na sioni kama kifo kinaifuta. Lakini atakayepita mbele ya picha hiyo kila asubuhi ni mama. Nilisafisha nakala moja tu, ndogo, nikamkabidhi mama kwenye bahasha, na nikamweleza kijana kwamba nakala iko kwa mama yake na yeye ndiye atakayeamua. Faili ninalo na sitalifuta. Kijana hakufurahi, na namwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilitamani picha ya gunia. Sasa nimeongeza kanuni: namuuliza kila mtu angali hai, picha ya pili ibaki kwa nani. Wengine wanaona ni uchuro. Namuuliza hivyo hivyo, kwa upole, baada ya chai.

Yaliyobaki

Mama bado hajakubali kupigwa jikoni. Amekubali sebuleni, na amechagua kitenge.

Mtoto wa mwenye studio moja ya zamani mjini amenipa boksi la negativu, yaani filamu za picha, za baba yake, nyeusi na nyeupe, nyingi hazina majina. Baadhi zinatoa harufu kali ya siki, maana yake plastiki yake imeanza kuoza, na hizo nazinakili kwanza na kuzitenga na nyingine. Zilizo salama nazihamishia kwenye bahasha za karatasi, kwa kuwa nailoni inafungia unyevu. Nimeshaona pazia la ngazi na bustani humo, watu wengi wamesimama mbele yake. Bado sijafika nusu ya boksi. Mwenye mzazi aliyewahi kupigwa picha mjini Kigoma enzi za studio hizo aje nyumbani Mwanga tuzitazame pamoja dirishani. Jumamosi baada ya alasiri huwa nipo.