Kutoka Kanisa la Trinity hadi Makaburi ya Waafrika, New York

Nilishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha Wall Street, nikapanda ngazi, na Kanisa la Trinity likanikabili. Mnara wake una urefu wa takriban mita 86, na hadi mwaka 1890 hakuna jengo jijini lililouzidi. Leo umemezwa na majengo ya mabenki. Kanisa lenyewe ni la tatu hapo: la kwanza liliteketea katika moto wa 1776, la pili likabomolewa 1839, na hili likawekwa wakfu 1846.

Makaburi ni ya kale zaidi. Upande wa kaskazini nililiona jiwe la Richard Churcher, mtoto wa miaka mitano aliyefariki 1681, kabla ya parokia kuanzishwa. Nilisimama pale muda mrefu. Karne zaidi ya tatu zimepita na mtoto yule bado ana jina.

Watalii walijazana upande wa kusini, kwa Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, aliyepigwa risasi na makamu wa rais Aaron Burr katika pambano la bastola, Julai 1804.

Kilichonileta mimi ni jambo jingine. Mwaka 1697, parokia ikiwa changa kabisa, wakuu wake waliamuru kwamba mtu mweusi asizikwe katika uwanja huo. Kwa hiyo Waafrika, watumwa na walio huru, walizika wafu wao kaskazini, nje ya mji. Nikaifuata Broadway kwa miguu upande huohuo, nikalipita kanisa dogo la St. Paul's la mwaka 1766, hadi Duane Street.

Hapo, mwaka 1991, ujenzi wa jengo la serikali ulifukua mifupa. Yalitolewa mabaki ya watu 419, karibu nusu yao watoto. Inakadiriwa waliozikwa eneo lile ni kama 15,000. Mwanamke mmoja alikutwa na shanga kiunoni. Shanga kiunoni, jamani! Aliyemvalisha alijua kwao ni wapi. Hakuna hata mmoja kati yao anayejulikana kwa jina.

Mwaka 2003 walizikwa upya palepale, katika majeneza yaliyochongwa Ghana, chini ya vilima saba vya nyasi. Ukifika New York, anza na hapa, kisha ndiyo uende kwa Hamilton.