Herufi za mviringo, fasi yake ni wapi?

Jana nilitengeneza afishi ya aniversere ya mutoto moja wa hapa Birere, mu Goma, nikaandika jina yake na Fredoka, aina moja ya herufi za mviringo za kompyuta, mama yake akafurahi sana ju anasema zile herufi ziko kama mandazi. Na ni kweli, angalia ile B, tumbo mbili zimejaa, miisho yote laini. Minapenda sana hizi herufi nene na si mambo ya leo, Cooper Black, aina ingine ya hizi herufi, ilitoka Chicago 1922! Kwa keki, krese, saluni ya batoto, ziweke kubwa, juu kabisa. Lakini usiandike nayo paragrafu nzima tafadhali, zikikuwa ndogo tundu ya "e" inajifunga, macho inachoka. Na tangazo ya kilio, hapana kabisa.